Kirimu ni wa Nani? Hadithi za Kutisha za Mashariki ya Kongo Mbele ya Sheria ya Hakimiliki

Kalima, mji wa kasiteriti katika wilaya ya Pangi, Maniema, umo katika nchi ya Walega. Zamani, mtu wa huko hakuweza kujichongea kinyago kwa kuwa tu amekipenda. Kinyago kidogo cha mbao kiitwacho lukwakongo, chenye uso uliopakwa chokaa na ndevu za nyuzi, kilikuwa haki ya aliyefika daraja ya yananio katika chama cha bwami. Lukungu, cha pembe ya ndovu, kiliwangoja wa kindi, walio juu kabisa. Kinyago kilikwenda pamoja na methali zake, wimbo wake na namna yake ya kuchezwa, na mwenyewe alifundishwa hayo siku ya kuingizwa darajani baada ya yeye na jamaa zake kutoa mali nyingi. Mchongaji alilipwa akaenda zake. Mwenye kitu alikuwa yule aliyestahili kukitunza, na akifa, kilimpata ndugu aliyefaa kushika nafasi yake.

Naanza na bwami kwa sababu watu wengi husema hakimiliki ililetwa Afrika na Wazungu, kana kwamba kabla yao kila hadithi na kila sura ilikuwa mali ya mpita njia. Walega walikuwa na sheria kali kuliko ile ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki wa mwaka 1886. Tofauti iko kwenye swali linaloulizwa. Berne huuliza nani alitunga. Bwami iliuliza nani ana ruhusa ya kushika, kuonyesha na kueleza.

Sheria ya kizungu ina kanuni nyingine iliyoamua kesi nyingi za hadithi za ajabu na za kutisha: wazo ni la wote, kinacholindwa ni namna lilivyosemwa. Kesi maarufu kuliko zote katika uwanja huo ni ya Dracula. Bram Stoker alitoa riwaya yake mwaka 1897, akafariki 1912. Mwaka 1922 kampuni ya Prana huko Ujerumani ikatoa filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Dracula akaitwa Orlok, majina mengine yakabadilishwa, lakini hadithi ilikuwa ileile na ruhusa haikuombwa. Mjane Florence Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe. Baadhi zilinusurika, ndiyo maana filamu hiyo bado inatazamwa. Mjane alikuwa na haki yake, silikatai hilo. Lakini Stoker mwenyewe alichota imani za wafu wanyonya damu kutoka kwa wanavijiji wa Transylvania, kupitia maandishi ya Emily Gerard ya mwaka 1885. Wanavijiji hao hawakuwa na mjane wa kuwasemea mahakamani.

Kesi za karibuni zimefuata mkondo huohuo. Mwaka 2002 Nancy Stouffer alishindwa mjini New York katika madai yake dhidi ya J. K. Rowling, na mahakama ikamtoza faini kwa kuleta ushahidi wa kughushi. Mwaka 2011, mjini humohumo, yakatupwa madai kwamba Harry Potter alitokana na kitabu cha Adrian Jacobs kuhusu Willy the Wizard. Mchawi anayeingia mashindanoni, alisema hakimu kwa maana hiyo, si shamba la mtu mmoja. Naona majaji hao walikata sawa. Wazo la mnyama anayemeza watu liko Zanzibar katika kisa cha Nunda, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na liko pia katika misitu ya Kivu. Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo. Shida yangu ni pale wazo linapokuwa na wenyewe wanaojulikana, kisha sheria ikajifanya haiwaoni.

Chukua watu-chui. Anioto walijulikana kaskazini-mashariki ya Kongo, upande wa Beni, Wamba na Ituri, kwa mauaji yaliyofanywa mfano wa mashambulizi ya chui. Utafiti wa Vicky Van Bockhaven umeonyesha kwamba mambo hayo yalifungamana na ugomvi wa utawala, wa machifu wao kwa wao na wa machifu dhidi ya serikali ya kikoloni. Ubelgiji uliona kitisho tu. Mwaka 1913 Paul Wissaert alimchonga mtu-chui aliyesimama juu ya mhanga aliyelala, na sanamu hiyo ikawekwa katika makumbusho ya Tervuren. Hergé, mchoraji Mbelgiji wa hadithi za picha, aliichukua sura hiyo akaitia katika safari ya Tintin huko Kongo, iliyotoka kwa sehemu gazetini kati ya 1930 na 1931. Mwaka 1932, Marekani, Edgar Rice Burroughs alianza kuchapisha hadithi ya Tarzan na watu-chui, iliyotoka kama kitabu 1935. Hakuwahi kufika Afrika.

Watu hawa wawili walikuwa na bidii ya kulinda mali yao. Burroughs alianzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1923 ili kumiliki na kumlinda Tarzan. Haki za Hergé, aliyefariki 1983, zitadumu Ulaya hadi mwisho wa mwaka 2053. Tintin na Tarzan wana wenyewe. Mtu-chui, aliyewapa wote wawili kurasa zao za hofu, aliwekwa kwenye kapu la mawazo, na humo kila mkono huingia.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga huko Walikale, msimulizi aitwaye She-Karisi Candi Rureke aliimba, akasimulia na kuigiza kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, akiwemo Kahombo Mateene, Mnyanga. Wakati huo Maniema na Walikale zilikuwa chini ya jimbo moja la Kivu. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake Shemwindo, asiyetaka mtoto wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye anafika chini ya maji kwa Mukiti, anashuka kuzimu kwa Muisa, na hatimaye anapambana na Kirimu, zimwi la vichwa saba. Kumwua Kirimu kunamletea adhabu, kwa kuwa Nkuba, bwana wa radi, alikuwa rafiki wa zimwi hilo, naye anampandisha Mwindo mbinguni akafundishwe kuheshimu wanyama. Sijui filamu ya kutisha ya leo inayomwadhibu shujaa kwa ushindi wake namna hiyo.

Rureke hakudai kwamba ametunga. Karisi ni roho, na msimulizi huimba kwa kuwa roho hiyo imemtaka. Ujuzi hupatikana kwa kumsaidia fundi aliyetangulia. Basi hapa pana mwenye ruhusa, pana mafunzo na pana wajibu, kama vile kwenye bwami. Kitabu kilipotoka University of California Press mwaka 1969, Biebuyck na Mateene walitajwa kama wahariri na wafasiri. Jina la Rureke limo ndani, nao walimweleza kwa heshima kubwa, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa enzi ile hawakulifanya. Hata hivyo, sheria inamtambua aliyeandika. Mwaka 2008 Aaron Shepard, Mmarekani, alitoa kitabu cha watoto kutokana na utendi huo na kutaja asili yake waziwazi. Akitokea mtu wa kunakili maneno ya Shepard, Shepard anaweza kushtaki. Bese haiwezi kumshtaki yeyote.

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986 iliingiza sanaa na hadithi za jadi ndani ya urithi wa taifa. Kenya ilikuwa imezitaja tangu 1975, na mwaka 2016 ikatunga sheria ya pekee ya maarifa na sanaa za jadi. Nakubaliana na nia ya sheria ya 1986, lakini ilihamisha haki kutoka kwa Wanyanga, Walega na jirani zao na kuipeleka Kinshasa. Serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku bwami mwaka 1948, vinyago viliendelea kutoka Pangi na Shabunda kwenda Brussels na Marekani, na hadi leo hununuliwa bila ile sehemu iliyovifanya viwe na mwenyewe: methali, wimbo na ruhusa. Hata mkataba wa kimataifa uliopitishwa Geneva Mei 2024 unagusa rasilimali za kijenetiki na maarifa yanayoambatana nazo. Hadithi na vinyago havimo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inaweza kufanywa hapahapa, na Chuo Kikuu cha Kindu na redio za Maniema, wakati wazee wanaojua visa vya Mubila, shujaa wa Walega, bado wapo. Kabla ya kinasa sauti kuwashwa, iandikwe karatasi: nani anasimulia, alifundishwa na nani, sehemu gani inaruhusiwa kusikika hadharani na ipi ni ya walioingizwa peke yao, na atakayeomba kuigeuza filamu amwendee nani. Karatasi hiyo itiwe sahihi na msimulizi, naye abaki na nakala yake nyumbani.