Reale ya Malkia Aliyekwisha Kufa

Desturi ya dola zote ni kwamba mwenye haki ya kupiga sarafu ni mtawala, na mwingine aigizaye chapa yake ni mhalifu. Walakini iko sarafu moja iliyoitatanisha sheria hiyo: reale ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria.

Malkia huyo alifariki mwaka 1780. Wafanya biashara wa Uhabeshi na Uarabuni walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake. Kwa hiyo Vienna iliendelea kupiga reale zenye tarehe ileile ya 1780, hata baada ya sarafu hiyo kuondolewa katika fedha halali za Austria mwaka 1858.

Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipewa kalibu za Vienna kwa miaka 25. Tangu 1936 London ikazipiga reale kwa kalibu zake yenyewe. Paris na Brussels nako zikapigwa. Je, huo ulikuwa ughushi? Tarehe ilikuwa ya uongo, lakini ya Vienna nayo haikuwa ya kweli. Uzito ulibaki gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1000 fedha safi ilikuwa 833. Mpokeaji hakupunjwa kitu.

Ama mkusanyaji wa sarafu za kale hali yake ni nyingine. Sokoni uzito ulitosha. Kwake yeye umri ndio thamani. Basi amwuziaye reale mpya kana kwamba ilipigwa enzi ya malkia amemdanganya, hata kama fedha yake ni halisi.