Ushahidi wa Jasi

Msafiri avukaye Mto Tana pale Garissa na kushika njia ya Dadaab, akiikabili nyika tambarare ya migunga na mchanga, huona muhali kusadiki kwamba nchi hii iliwahi kuwa na maji mengi. Na hata William Astor Chanler, Mmarekani aliyefuata mto Ewaso Ng'iro katika safari yake ya miaka 1892 hadi 1894 akitaraji ziwa kubwa la Lorian, hakukuta ila kinamasi.

Hata hivyo, yuko shahidi aliye mkweli kuliko macho ya msafiri, naye ni jasi, jiwe laini jeupe lichimbwalo Garissa na huko El Wak, ambalo viwanda hulitia katika saruji ili isigande upesi. Jiwe hili, aghalabu, huzaliwa pale maji yaliyobeba kalsiamu na salfa yanapotuama, jua likayapunguza hata yakakolea chumvi, ndipo jasi ikajitenga na kuganda, huku ikifungia ndani yake maji yapatayo sehemu 1 kwa 5 ya uzito wake. Wala maji yote hayakutoweka, kwani chini ya nyanda hizo imo hazina ya maji iitwayo Merti, ambayo tangu 1991 imewanywesha wakimbizi wa Dadaab.

Kanuni hii, kwamba jiwe hushuhudia maji yaliyopita, haina mpaka wa dunia. Katika sayari ya Mirihi, ambayo leo ni jangwa la baridi kali na hewa hafifu, gari la utafiti la Opportunity, lililotua uwanda wa Meridiani Januari 2004, lilikuta jarositi, madini yasiyoumbika pasipo maji yenye asidi. Na mwaka 2011, ukingoni mwa kreta ya Endeavour, likakuta mshipa wa jasi, upana wake kama kidole gumba, ulioujaza ufa wa mwamba, dalili wazi kwamba maji yalipita humo zamani.

Maadamu wanadamu wamegharamia safari ya mamilioni ya kilomita kuutazama mshipa mmoja mwembamba, ni wajibu wetu kuzipima na kuziandika tabaka za jasi za Garissa na El Wak kabla hazijasagwa zote viwandani. Kwani ndizo tarikhi ya maji ya nchi hii, na tarikhi iliyosagwa haisomeki tena.