Chumba cha Kupanga Ugenini

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na hapana shaka walisema kweli kwa zamani zao. Mgeni alipoingia kijijini jioni hakuulizwa kodi. Alitandikiwa mkeka, akaletewa maji ya kunawa, na siku ya tatu, kwa mujibu wa methali nyingine, akapewa jembe. Lakini mji mkubwa hauna mkeka wa bure. Kila aingiaye humo hana budi kupanga chumba, na kupanga ni biashara: mmoja ana mlango, mwingine ana fedha. Je, huwaje pale mwenye fedha anapobisha hodi, na mwenye mlango akamtazama uso badala ya kumtazama mfuko?

Swali hili liliulizwa kwa uchungu katika mji wa London, hasa kati ya mwaka wa 1930 na mwaka wa 1968. Insha hii yaeleza jinsi wageni kutoka Afrika na Visiwa vya Karibi walivyotafuta vyumba katika mji ule, jinsi walivyofungiwa milango, na jinsi sheria ilivyokuja kwa kuchelewa kuwasaidia. Tunaisoma habari hii si kwa kuwacheka Waingereza, bali kwa kuwa kila taifa lina milango yake.

Katika mtaa wa Pimlico, London, iko nyumba moja katika barabara ya Cambridge Street yenye kibao cha buluu ukutani. Kibao hicho chamkumbusha mpita njia kwamba Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, aliishi hapo tangu mwaka wa 1933 hata 1937. Siku hizo hakuwa rais wa mtu yeyote. Alikuwa mpangaji, mbali na kwao, akitetea ardhi ya watu wake na kusoma elimu ya mila za watu. Yafaa kijana wa Kenya akumbuke kwamba hata mtu mkubwa kama huyo alipata kuwa mgeni aliyelala katika chumba cha watu, akihesabu majuma kwa kodi.

Wanafunzi wa Afrika Magharibi walipata taabu ile ile mapema. Mwaka wa 1925 waliunda chama chao, na katibu wake, Ladipo Solanke wa Nigeria, aliona kwamba mwanafunzi asiye na mahali pa kulala hawezi kusoma. Basi alisafiri Afrika Magharibi kuanzia mwaka wa 1929 hata 1932, akichangisha fedha kwa wakubwa na wadogo, na mwaka wa 1933 chama kikafungua nyumba ya wanafunzi katika barabara ya Camden Road. Mtu aliyekataliwa mahali pengine aliweza kupiga hodi pale na kuitikiwa karibu. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la wageni: kama mwenyeji hafungui mlango, jenga mlango wako.

Na sheria ya Uingereza ilisemaje? Mwaka wa 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, alifika na jamaa zake katika hoteli moja ya London ambako alikwisha kuwekewa vyumba. Akaambiwa kwamba hatakiwi kukaa pale, kwa ajili ya rangi yake. Alishtaki, na mwaka wa 1944 Mahakama Kuu ikampa haki, kwa kuwa sheria ya kale iliwalazimisha wenye hoteli kumpokea msafiri yeyote mwenye adabu na fedha. Watu walifurahi. Lakini tazama vizuri, msomaji: sheria hiyo ilimfunga mwenye hoteli tu. Mwenye nyumba ya kupangisha hakufungwa nayo. Yeye aliweza kumkataa amtakaye, na wala hakulazimika kutoa sababu.

Kisha vita vikaisha, na nyumba zikawa adimu. Ndege za Wajerumani zilikuwa zimeupiga mji kwa mabomu usiku baada ya usiku tangu Septemba 1940 mpaka Mei 1941, na tena baadaye, hata nyumba nyingi sana zikabomoka au zikaharibika. Wakati huo huo Uingereza ilihitaji mikono ya kuijenga upya. Tarehe 22 Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, ikiwa na abiria zaidi ya 1,000, wengi wao kutoka Jamaika na visiwa jirani. Walikuwa raia wa himaya ile ile, na wengi walikuwa wameipigania vitani. Zaidi ya 200 kati yao hawakuwa na mahali pa kufikia. Serikali iliwalaza katika handaki refu chini ya ardhi, huko Clapham, lililochimbwa wakati wa vita ili watu wajifiche mabomu. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Brixton. Wakapata kazi huko, wakatafuta vyumba huko, na kwa sababu hiyo Brixton ukawa mtaa wao mpaka leo.

Namna ya kutafuta chumba ilikuwa hivi. Wenye vyumba waliandika matangazo kwenye kadi ndogo, nazo zikawekwa katika madirisha ya maduka ya magazeti. Mgeni alisimama barabarani kwenye baridi akizisoma moja moja. Nyingi zilisema wazi kwamba watu weusi hawatakiwi, na nyingine ziliwakataa Waairishi pia. Pale ambapo kadi ilinyamaza, alikwenda kupiga hodi, na mara nyingi alijibiwa kwa upole kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa dakika hiyo hiyo. Kesho yake kadi ilikuwa ingali dirishani. Wengine walijifunza kupiga simu kwanza na kuitaja rangi yao, wajiepushe na nauli ya bure. Wole Soyinka wa Nigeria, aliyesoma Uingereza wakati huo, alitunga shairi juu ya simu ya namna hiyo, nalo limesomwa na vijana wengi katika shule zetu.

Wenye nyumba walikuwa na sababu zao, na ni haki kuzisikiliza. Wengine waliwachukia weusi, basi. Lakini wengi walisema, “Mimi mwenyewe sina neno, ila wapangaji wengine watahama,” au “Majirani watasemaje?” Ndivyo ubaguzi unavyotembea mjini: kila mtu humtwika jirani yake, na hatimaye haujulikani ni wa nani. Mkimbizi wa Kipolandi aliyekuja baada ya vita alikuwa mgeni pia, na Kiingereza hakukijua. Lakini yeye aliweza kupotea katikati ya watu. Mtu mweusi hakuweza.

Mlango unapokuwa haba, bei yake hupanda. Mgeni mweusi aliyepata chumba alilipa kodi kubwa kuliko mwenyeji kwa chumba kile kile, hata watu wakaiita kodi ya rangi. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, na ndani yake watu walilala, walipika, walifua na kulea watoto. Jiko la gesi lilikuwa penye ngazi, likitumiwa na wapangaji wote kwa zamu, na gesi ilikuja baada ya kutumbukiza sarafu ndani ya kisanduku. Sarafu ikiisha kabla ya chungu kuchemka, chakula kililiwa kibichi au kililala. Kuomba nyumba ya serikali ya mji hakukusaidia, kwa maana aghalabu mwombaji alitakiwa awe amekaa hapo miaka kadhaa kwanza.

Mwaka wa 1957 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kodi. Kabla yake, kodi za nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa zisipande. Sheria mpya ilisema kwamba mpangaji wa zamani akitoka, mwenye nyumba aweza kumtoza mpangaji mpya kodi aitakayo. Serikali ilitumaini kwamba wenye nyumba wangepata moyo wa kuzitengeneza. Lakini wako walioona faida nyingine: kumtoa mpangaji wa zamani kwa kila hila, kisha kukijaza chumba kwa watu wasio na pengine pa kwenda.

Aliyevuma kwa biashara hiyo ni Peter Rachman, katika mitaa ya Notting Hill na jirani zake. Huyu naye alikuwa mgeni, mzaliwa wa Polandi aliyeonja mateso ya vita kabla ya kufika Uingereza mwaka wa 1946. Aliwapangishia Wakaribi pale walipofukuzwa na wengine, na wako waliomshukuru kwa hilo; lakini aliwatoza sana, na jina lake likaingia katika lugha ya Kiingereza likiwa na maana ya dhuluma ya mwenye nyumba. Alikufa mwaka wa 1962. Kisa chake chatufundisha jambo moja: pale ambapo watu wema wamefunga milango yao, dhalimu aufunguaye wake huonekana mkarimu. Wala haifai kumlaumu Rachman peke yake na kuwasahau wote waliomtengenezea soko.

Lakini wageni hawakukaa wakilia tu. Mabenki na vyama vya kukopesha vilisita kuwapa mkopo wa kununua nyumba. Basi walirudia desturi ya kwao, ambayo Wajamaika huiita “pardner” na sisi twaiita upatu. Watu kumi au ishirini wenye kuaminiana walitoa fedha kila juma, na kila juma mmoja wao alipokea fungu lote. Hakuna hati, hakuna wakili. Amana ilikuwa ni ahadi ya mtu. Kwa fedha za upatu wengi walilipa malipo ya kwanza ya nyumba kuukuu, wakakaa chumba kimoja na kuwapangishia ndugu zao vilivyobaki. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijaa matofali.

Chuki nayo ilizidi. Mwishoni mwa Agosti 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia weusi katika Notting Hill, na ghasia ziliendelea siku kadhaa. Mwaka wa 1965 Bunge likatunga sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi, lakini ilihusu hasa mahali pa watu wote, kama vile hoteli na mikahawa. Mlango wa chumba cha kupanga uliachwa kama ulivyokuwa.

Wako waliosema kwamba ubaguzi huo ni mdogo, au ni maneno ya watu wenye kulalamika. Ndipo wachunguzi walipofanya mtihani, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 1967. Waliwatuma watu watatu kwa wenye nyumba wale wale: Mwingereza, Mhungaria na Mkaribi, kila mmoja akisema ana kazi na mshahara wa kufanana na wenzake. Kati ya wenye nyumba 60 walioendewa, yapata robo tatu walimbagua yule Mkaribi. Mhungaria, aliyekuwa mgeni kama yeye, alipokewa mara nyingi. Hapo neno la “chumba kimekwisha kuchukuliwa” likavuliwa nguo mbele ya watu.

Mwaka wa 1968 sheria ya pili ilikataza ubaguzi katika nyumba na kazi. Haikupita kimya. Mwezi wa Aprili mwaka huo mbunge Enoch Powell alitoa hotuba kali ya kuipinga, na ndani yake akatoa kisa cha mwanamke mzee mwenye kupangisha vyumba, kana kwamba mwenye kuonewa ni yule mwenye mlango. Kiongozi wa chama chake alimwondoa katika cheo chake kesho yake. Sheria ikapita, ila iliacha upenyo: mwenye nyumba ndogo aishiye humo humo pamoja na wapangaji aliweza bado kumkataa amtakaye. Tena mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Bunge lile lile liliwazuia Waasia wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza wasiingie kwa hiari yao. Mkono mmoja ulifungua mlango wa chumba, na mwingine ukafunga mlango wa nchi.

Sasa turudi nyumbani. Katika Nairobi ya wakoloni Mwafrika hakuweza kupanga nyumba popote alipotaka, ingawa mji ulikuwa katika nchi yake. Mitaa iligawanywa kwa rangi, na yeye alipewa sehemu kama Pumwani, ambako waliojenga walipangisha vyumba kwa wenzao. Kwa hiyo alikuwa mgeni kwao. Amri hizo zimekufa. Lakini tujiulize kwa kweli: hakuna mwenye nyumba katika miji yetu anayesikia jina la mpangaji na kulipima kwa kabila lake? Hakuna anayemtoza mkimbizi zaidi, akijua kwamba hana pa kushtaki? Mwenye nyumba wa London alisema majirani watanung’unika. Maneno hayo huweza kutafsiriwa kwa lugha yoyote.

Sheria ni kitu chema, nayo iliwasaidia wengi. Lakini sheria hufika mpaka kizingitini tu. Kutoka kizingiti kwenda ndani ni kazi ya moyo wa mtu. Siku moja baadhi yenu mtasimama barabarani katika mji wa watu, mkiwa na sanduku mkononi na anwani kwenye karatasi. Wengine mtakaa ndani, na hodi itabishwa. Aliyewahi kusimama nje hana udhuru wa kusahau.