Taa za Ibn al-Haytham na Mibuni ya Mibirizi

Jina la Mibirizi yetu limefika mbali kwa sababu ya kahawa. Mbegu iliyoletwa misheni ya hapa kutoka Guatemala mwanzoni mwa karne ya 20 ilipewa jina la mahali hapa, na hata leo wataalamu huiita Mibirizi. Lakini waulizeni wakulima kwa nini shamba moja limezaa kuliko jingine: huyu atasema ni matandazo, yule samadi, wa tatu mvua. Nani asemaye kweli?

Njia ya kulijua jambo hili ni ya zamani, na miongoni mwa walioibainisha ni mwanachuoni al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Kairo. Alitaka kujua kama mianga mingi ikipita mahali pamoja huchanganyika. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ukutani yakatokea madoa ya mwanga kwa idadi ya taa. Akafunika taa moja, likatoweka doa lake tu, akaifunua, likarudi. Ndipo alipojua kuwa kila mwanga hushika njia yake. Jaribio la namna hii aliliita iitibari, na habari zake zimo katika Kitab al-Manazir, kilichofasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya karne nyingi.

Tazameni hekima yake: alibadili jambo moja tu, mengine akayaacha kama yalivyokuwa.

Mimi sikufanya hivyo. Mwaka mmoja nilitandaza majani na kutia samadi shamba zima, na mvua ikawa njema. Mavuno yalipozidi, nikayasifu matandazo mbele ya watu. Jirani yangu akaniamini, akauza mbuzi wake anunue majani. Kahawa yake haikuongezeka. Kosa lilikuwa langu, kwani sikubakiza hata safu moja ya kulinganishia.

Basi, atakaye kujua na achague safu za mibuni ya umri mmoja, katika udongo mmoja. Apige kura ni zipi zitandazwe na zipi ziachwe, azihudumie sawasawa katika mengine yote, apime mavuno kwa mizani, kisha arudie msimu mwingine. Ikiwa mizani yapingana na dhana yake, aiache dhana. Kusema "sijajua bado" si aibu. Aibu ni kumwuzisha jirani mbuzi wake kwa jambo usilolihakikisha.