Aliruhusiwa kulia (Sehemu ya 5)

Mama zangu, leo twende Paris, Septemba 30, 1811. Fanny Burney, mwandishi Mwingereza na mama wa mtoto mmoja, anakatwa titi lenye uvimbe. Dawa ya usingizi ilikuwa bado. Hiyo ilianza kutumika hadharani 1846. Yeye alipewa divai tu.

Baadaye alimwandikia dada yake barua ndefu, ndiyo maana tunayajua haya. Alijulishwa asubuhi ya siku ile ile. Wakaingia wanaume saba wenye nguo nyeusi, wakataka wanawake wake watoke. Akakataa. Msichana wake wa kazi na muuguzi mmoja wakakimbia. Muuguzi wa pili alibaki naye.

Ila kuna kitu kilinigusa. Kabla ya upasuaji daktari mmoja alimuuliza: ulipojifungua, ulilia? Akajibu hakuweza kujizuia. Daktari akatulia, maana walihofia atajikaza akadhurika. Na Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alipomaliza alikuwa amepauka karibu kama mgonjwa wake.

Fanny aliishi mpaka 1840.

Sasa turudi leba zetu. "Nyamaza mama, wewe si wa kwanza kuzaa." Hata mimi nimewahi kulisema neno hilo, nikiwa nimechoka usiku. Nisameheni. Kulia si utovu wa adabu.

Ukiambiwa upasuaji, uliza: mtanifanyia nini, lini, na nani atabaki nami? Ni haki yako, mama.