Daraja lilichelewa miaka 10

Wasee, tukumbushane kidogo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka huo huo iPhone ikatoka, ikiwa imefungiwa programu za watu wa nje. Apple ilibadilisha msimamo haraka: Machi 2008 ikatoa SDK, yaani vifaa vya kuundia programu, na Julai App Store ikafunguliwa.

Sisi je? Safaricom ilizindua Daraja 2017. Kabla ya hapo, biashara nyingi za mtandaoni zilisubiri mteja atume msimbo wa muamala, kisha mtu aukague kwa macho. Leo kijana mwenye laptopu anaunganisha malipo mwenyewe.

Lakini tusisahau: daraja lina mwenyewe. Siku akilifunga, biashara yako inalala ng'ambo.