Mji uliokataa kusikia la mwenyeji



Katika barabara kuu itokayo Sydney kwenda Melbourne nchini Australia, karibu nusu ya safari, kuna mji mdogo wa wakulima na wafugaji uitwao Gundagai. Wakazi wake ni kiasi cha 2,000 tu. Hata hivyo, ni vigumu kumpata Mwaustralia asiyelijua jina hilo. Mwaka 1922 mtunzi Jack O'Hagan aliutungia mji huo wimbo uliopendwa nchi nzima. Mwaka 1932 Waziri Mkuu wa wakati huo, Joseph Lyons, alifunga safari kwenda kuzindua sanamu ya mbwa iliyowekwa kando ya barabara, kilomita nane hivi kutoka mjini. Mbwa huyo ni wa hadithi za waendesha magari ya maksai: amekaa juu ya sanduku la chakula la bwana wake, akililinda.

Leo sikusudii kuzungumzia mbwa. Nataka tuwazungumzie watu waliookoa roho nyingi za mji huo katika usiku wake mbaya kuliko wote, ambao walisubiri sanamu yao kwa miaka 165.

Kwanza tuitazame ramani. Gundagai iko katika jimbo la New South Wales, kiasi cha kilomita 390 kusini-magharibi ya Sydney, ukingoni mwa mto Murrumbidgee. Mto huo una urefu wa karibu kilomita 1,500. Unaanzia katika milima ya kusini-mashariki, ambako theluji huanguka wakati wa baridi, kisha unaelekea magharibi katika nchi kavu na tambarare hadi unapoungana na mto Murray. Muda mfupi kabla ya kufika Gundagai unapokea maji ya mto Tumut, nao pia watoka milimani. Kwa maneno mengine, maji ya milima mingi hukutana hapo, na yakishakutana hukuta ardhi iliyolala.

Vilima vinavyouzunguka mji ni malisho ya kondoo na ng'ombe. Ngano nayo hulimwa. Lakini udongo ulio bora kuliko wote uko chini, kando ya mto, kwa sababu umeletwa na mto wenyewe, furiko baada ya furiko, kwa maelfu ya miaka. Ardhi inayompendeza mkulima kuliko nyingine ndiyo hiyo hiyo ambayo mto huja kuidai kila unapofura. Mto humpa mtu shamba, lakini haumpi hati ya kumiliki.

Jambo hilo lilijulikana vema na wenyeji wa asili, watu wa kabila la Wiradjuri. Nchi yao ni kubwa, nchi ya mito mitatu: Macquarie, Lachlan na huo Murrumbidgee. Walivua, waliwinda na walihama kwa kufuata majira, wakijua ni wapi pa kupiga kambi na ni wapi pa kupita tu.

Wageni waliwafikia mapema katika karne ya 19. Mwaka 1824 wapelelezi wawili, Hume na Hovell, walipita katika sehemu hizo wakielekea kusini. Mwaka huo huo, upande wa kaskazini wa nchi ya Wiradjuri, karibu na Bathurst, Gavana Brisbane alitangaza sheria ya kijeshi baada ya mapigano makali kati ya wenyeji na walowezi. Mwaka 1829 mpelelezi Charles Sturt aliufuata Murrumbidgee kuteremka nao. Nyuma ya wapelelezi wakaja wenye kondoo. Ardhi ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, bila mkataba wala fidia. Sisi tuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji akanyang'anywa.

Mji wenyewe ulitangazwa rasmi mwaka 1838. Sababu ya kuwapo kwake ilikuwa moja: hapo palikuwa na mahali pa kuvukia mto. Kila aliyetoka Sydney na mizigo au mifugo kwenda upande wa Melbourne alilazimika kufika ukingoni na kuvuka. Mara nyingi alilazimika kusubiri, na mtu anayesubiri anahitaji chakula, malazi, mhunzi wa kumtengenezea gurudumu, na mara nyingine kinywaji. Kwa hiyo maduka, nyumba za wageni na karakana vikajengwa papo hapo, katika tambarare iliyo kati ya mto na kijito kiitwacho Morleys. Mpima ardhi alipenda tambarare, kwani viwanja vya pembe nne huchorwa hapo kwa urahisi. Mfanyabiashara naye alipenda ukaribu wa kivuko. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hoja zote zilielekeza bondeni.

Wiradjuri waliwaonya. Waliwaeleza wageni kwamba mahali pale hapafai kujengwa, kwamba maji yanaweza kupanda juu kuliko wanavyodhani. Onyo hilo halikuwa uaguzi. Lilitoka kwa watu ambao babu zao waliuona mto huo katika hasira zake zote. Lakini katika akili ya ukoloni, mtu asiye na nyumba ya mawe wala hati ya kiwanja angewezaje kumfundisha mpima ardhi wa serikali kazi yake?

Mto ukatoa onyo la pili wenyewe. Mwaka 1844 uliingia mjini. Baada ya hapo wakazi walianza kuogopa, wakaiomba serikali iwabadilishie viwanja vyao vya bondeni kwa viwanja vya mlimani. Serikali ilikataa. Viwanja vilikwisha uzwa, na biashara ilikwisha fanywa. Basi watu wakabaki walipo, wakajizoesha. Wakajifunza kwamba maji yakija, mtu hupanda darini na vitu vyake, akasubiri yapungue, kisha akashuka kufagia tope. Furiko dogo ni mwalimu mbaya, ndugu msikilizaji. Linamfundisha mtu kwamba furiko linavumilika.

Hivyo ndivyo walivyofanya mwezi Juni mwaka 1852. Huko kusini mwa dunia Juni ni katikati ya baridi. Mvua ilinyesha mfululizo, mto ukafura, watu wakapanda madarini kama desturi. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 maji hayakusimama pale yalipozoea kusimama. Yalifika kwenye madari, yakapita, na nyumba zikaanza kung'oka moja baada ya nyingine zikiwa na watu ndani. Walioweza walirukia miti. Mashua moja iliyokuwa ikiokoa watu iligonga mti ikazama, na waliokuwamo wengi wakafa. Gizani, katika baridi kali, watu walining'inia kwenye matawi wakiwa wamelowa, wakisikia majirani zao wakiita, kisha wakiwasikia wakinyamaza.

Mji ulikuwa na watu kiasi cha 250. Waliokufa hawakupungua 78, na wapo wanaohesabu 89. Yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu. Katika historia iliyoandikwa ya Australia hakuna furiko lililoua watu wengi kuliko hilo.

Waliobaki wengi wao waliokolewa na wenyeji wale wale walioonya. Majina yanayotajwa zaidi ni mawili, Yarri na Jacky Jacky, na pamoja nao wenzao wengine wa Wiradjuri. Waliingia katika maji yale kwa mitumbwi ya magome ya mti, wakaenda mti hadi mti, paa hadi paa, wakiwatoa watu wachache wachache na kuwafikisha nchi kavu, kisha wakirudi tena. Walifanya hivyo usiku na mchana. Wapo wanaosema waliwaokoa watu zaidi ya 40. Hesabu inayotajwa mara nyingi siku hizi ni 69.

Mtu anaweza kujiuliza: iweje mtumbwi wa gome uweze pale ambapo mashua iliangamia? Jibu liko katika ufundi. Gome hilo huchunwa kwa kipande kimoja kutoka katika shina la mkaratusi, jamii ile ile ya miti iliyoletwa kwetu huku kutoka Australia tukaizoea kwa nguzo na kuni. Huwa jepesi, huelea juu juu, na linaweza kupenya kati ya matawi mahali ambapo mashua nzito ingekwama. Hadi leo kando ya mto huo kuna miti yenye makovu marefu pale magome yalipochunwa. Lakini chombo peke yake hakitoshi. Aliyekiendesha alihitaji kujua mkondo unapita wapi chini ya maji hayo, unazunguka wapi, na mti upi una maji tulivu nyuma yake. Yarri na wenzake walikuwa nayo elimu hiyo, na ndiyo elimu ambayo mji ulikuwa umeidharau kwa miaka 14.

Lipo swali jingine zito zaidi. Kwa nini waliwaokoa? Watu hawa walikuwa wamechukuliwa nchi yao. Wangeweza kukaa mlimani na kutazama, wala hakuna sheria ambayo ingewashitaki. Sitajifanya kuisoma mioyo yao. Nitakachosema ni kwamba walipoona watu wakifa hawakuuliza kwanza nani alimkosea nani.

Mwaka uliofuata, 1853, mto ukafurika tena. Safari hii hoja za bondeni zilikwisha. Mji ukahamia juu, kwenye miteremko ya kilima cha Parnassus na upande wa pili wa mto. Jambo lililoonekana haliwezekani mwaka 1844 liliwezekana mara moja, baada ya makaburi. Bonde likabaki malisho na viwanja vya michezo. Mwaka 1867 lilijengwa daraja la Prince Alfred, ambalo njia yake ya mbao ilipita juu ya bonde zima kwa karibu kilomita moja. Watu walikwisha kubali sasa kwamba mahali pale ni pa mto, na binadamu apite juu. Mwaka 1977 barabara kuu nayo iliondolewa katikati ya mji na kupitishwa kwenye daraja jipya, refu zaidi ya kilomita moja. Njia ya mbao ya daraja la zamani iliachwa ichakae, na miaka ya karibuni ikabomolewa.

Na waokozi je, walilipwa nini? Walipewa mabamba ya shaba ya kuvaa kifuani, yaliyochorwa maandishi. Yalikuwa na heshima, lakini heshima yenye mchanganyiko, kwa sababu mabamba ya aina hiyo ndiyo wakoloni waliyozoea kuwavika wenyeji waliowaona kuwa watu wao wema. Inasimuliwa pia kwamba waliruhusiwa kumdai kila mkazi wa mji sarafu ya peni sita, yaani sumuni. Nchi yao haikurudishwa. Yarri alifariki mwaka 1880 katika mji huo huo.

Sasa linganisha tarehe. Mbwa wa hadithi alipata sanamu mwaka 1932, na Waziri Mkuu akaja. Yarri na Jacky Jacky walipata yao mwezi Juni mwaka 2017, miaka 85 baada ya mbwa. Ni sanamu nzuri ya shaba, iliyowekwa katika barabara kuu ya mji, ikiwaonyesha wawili hao pamoja na mtumbwi wa gome. Ilisimamishwa kwa juhudi za wakazi wa mji, wazungu na Wiradjuri kwa pamoja, na katika hilo wanastahili pongezi. Kuchelewa si sawa na kukataa.

Hata hivyo, naona sanamu hiyo inaweza kutupotosha tukiitazama kwa haraka. Inatuonyesha mashujaa wakiokoa. Haituonyeshi wenye hekima wakionya. Ushujaa wa mwaka 1852 ulihitajika kwa sababu ushauri ulipuuzwa tangu mwanzo. Kama onyo lile lingesikilizwa, kusingekuwa na mitumbwi usiku ule, wala sanamu, na watu 78 wangefia vitandani mwao uzeeni. Kumsifu mtu kwa mtumbwi wake ni rahisi. Kumsikiliza wakati jua linawaka, viwanja vinapimwa, na yeye hana cheo wala hati, hiyo ndiyo kazi ngumu.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Gundagai ilikuwa na bahati kwamba waliokuwa na dawa hawakukasirika wakaondoka nayo. Si kila mji hupata bahati hiyo. Basi kila tunapoona kamba za wapima ardhi zikinyooshwa bondeni, tuulize: yuko wapi mzee wa hapa, na amesema nini?